Msaada: TV za gesti zinakata kila baada ya dakika nne, nimechemka

Fundi_Uyole: Wakuu, heshima kwenu. Nimefunga TV za mtandao kwenye gesti moja hapa Mbeya, vyumba 32, swichi tatu za mtandao. Mapokezi kuna mashine inapokea dishi na kurusha chaneli 14 kwa maltikasti (mkondo mmoja unaotumwa kwa TV nyingi kwa pamoja), kila moja kama Mbps 8. Mwanzoni picha ziligandaganda na Wi-Fi ya wageni ikafa, hata siku yenye wageni wawili tu. Jamaa akanishauri niwashe IGMP snupingi (swichi isikilize TV ipi inaomba chaneli ipi) kwenye swichi zote. Nikawasha, Wi-Fi ikapumua. Sasa balaa jipya: TV inaonyesha safi dakika nne na kitu, halafu giza. Ukihama chaneli na kurudi, inawaka. Jumamosi watani wa jadi wanacheza na bosi kashasema atanikata hela. Nimekosea wapi?

Mzee wa Viazi: Rudisha waya wa antena na ving'amuzi, kijana.

kibaridi_Njombe: Hizo dakika umezipima? Na kuna rauta inayoshughulika na maltikasti, au swichi tupu?

Fundi_Uyole: Nimepima kwa simu mara tatu, 4 na sekunde ishirini hivi. Rauta ni ya intaneti tu.

kibaridi_Njombe: Basi ugonjwa umejitaja wenyewe. Bila snupingi swichi haijui nani anaangalia nini, inamwaga kila chaneli kila poti. 14 mara 8 ni Mbps 112, na TV nyingi poti yake ni Mbps 100. Hapo lazima zigande. Ukiwasha snupingi, swichi inasikia TV ikisema "naomba kundi 239.1.1.5" (yaani anwani ya chaneli fulani), inaandika poti ile daftarini na kupeleka chaneli huko tu.

Sasa jina haliandikwi milele. Lazima awepo wa kupita akiuliza "nani bado anataka?", kama balozi wa nyumba kumi. Kwa kawaida anapita kila sekunde 125, TV inajibu, jina linabaki. Asipopita, TV haina wa kumjibu, na sekunde 260 zikiisha swichi inafuta jina. Gawa mwenyewe hizo 260. Ukihama chaneli TV inaomba upya, ndiyo maana inawaka.

Washa kwiria, yaani huyo muulizaji, kwenye swichi ilikochomekwa mashine ya chaneli, na uipe IP (anwani ya mtandao) kwenye VLAN ya TV, yaani mtandao wa TV uliotengwa ndani ya swichi. Ukiiweka swichi ya mbali, chaneli zote 14 zitasukumwa kuelekea huko hata kama hakuna anayeangalia.

Mama Kyela: Ukiwasha kwiria mbili kwa akiba, yenye IP ndogo ndiyo inauliza, nyingine inanyamaza. Na Wi-Fi itengee VLAN yake. Hewani maltikasti huenda kwa kasi ya chini kabisa, chaneli moja tu inatosha kuwakwamisha wote.

Fundi_Uyole: Mrejesho: nimewasha jana saa mbili usiku, chumba namba 9 TV imeonyesha mpaka asubuhi. Ndaga fijo!

Mzee wa Viazi: Kumbe shida ni balozi hakuwepo. Huku kwetu yupo, ila hapiti.