Niache kazi ya udhibiti wa kemikali au nivumilie? Naombeni ushauri wenu

Mizani47:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mama wa miaka 47, mtaalamu mwandamizi wa sumu kwenye mamlaka moja ya udhibiti hapa Afrika Mashariki. Ofisi sitaitaja, wala nchi. Kazi yangu ni kupokea majibu ya maabara na kupima madhara kwa mtumiaji: kiasi gani kinaingia mwilini, kwa njia ipi, kwa muda gani. Kisha naandika mapendekezo, bidhaa ibaki sokoni, iwekewe onyo au iondolewe. Miaka 19 nimeifanya na nimeipenda.

Sasa usingizi umeniruka. Simu ya ofisini ikiita moyo unadunda. Kuna chuo kinanihitaji nikafundishe, mshahara utapungua kidogo. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, ipo kwenye pochi. Niipeleke au nivumilie hadi 55?

Baba Tatu:
Mama, usithubutu. Mimi niliacha ajira 2014 nikaingia kwenye kuku wa mayai. Mwezi wa tano mdondo ukapita, kuku 600 wakaondoka ndani ya wiki moja. Leo yamebaki mabanda na deni la chakula cha kuku. Kiinua mgongo hakina mbadala. Chana hiyo barua leo hii hii.

Mwali wa Tandale:
Kwanza hongera, wanawake kwenye kemia ni wachache. Mimi ningeenda chuoni. Afya ya akili ni mtaji.

Mchenjuaji:
Mleta uzi amenigusa. Nimekaa Nyarugusu miaka tisa kwenye dhahabu. Tulikuwa tunakamatisha kwa zebaki, tunakamua kwenye kitambaa, halafu tunachoma lile donge kwenye jiko la mkaa nje ya mlango, mke anapika ugali pembeni. Mvuke hauna harufu, huoni kitu. Siku hizi nikishika kikombe cha chai kinacheza mkononi. Hospitali waliniuliza kama nakunywa pombe, na mimi sijawahi kuonja. Mngetufikia mapema huku machimboni, tusingefika hapa.

Mizani47:
Mchenjuaji, pole sana kaka. Kutetemeka huko ni alama ya mvuke wa zebaki kwenye mfumo wa fahamu. Mwambie daktari historia yote ya kuchoma, usisubiri akuulize. Na mama wa nyumbani apimwe mkojo naye.

Shangazi Mkali:
Nimesoma mara mbili. Mtu aliyefanya kazi miaka 19 haogopi simu hivi hivi. Kuna jambo umelikalia. Umekula rushwa?

Mizani47:
Sijala hata shilingi moja, Mungu ni shahidi.

Nitasema kidogo. Miezi miwili iliyopita zilikuja sampuli za krimu za kung'arisha ngozi. Tulizipitisha kwanza kwenye kile kifaa cha eksirei cha kushika mkononi, halafu zikaenda maabara. Moja ilikuwa na zebaki kwa maelfu ya miligramu kwa kilo. Kikomo ni miligramu 1. Niliandika iondolewe sokoni mara moja. Ukaguzi ulipofika dukani, rafu zilikuwa tupu. Sasa mkuu anauliza nani alitoa siri.

Mkaguzi Mstaafu:
Duka la nani?

Baba Tatu:
Krimu hizi ndizo zimeharibu dada zetu. Uso wa maziwa, vidole vya mkaa. Mtu akiridhika na rangi aliyopewa na Mola, nani atanunua?

Mwali wa Tandale:
Baba Tatu, na nani anayetupigia miluzi tukiwa weupe na kutupita tukiwa weusi? Anzeni na ninyi. Mama, hukujibu. Duka la nani?

Mizani47:
Duka ni la wifi yangu.

Mkaguzi Mstaafu:
Nilihisi. Nani alimwambia?

Mizani47:
Mimi. Nilimpigia usiku wa kuamkia ukaguzi.

Ila nielewe, jamani. Sikumwambia afiche. Nilimwambia hivi: "Hiyo krimu ina zebaki, acha kuiuza, na wewe acha kuipaka." Yeye ndiye aliyenilipia mwaka wa mwisho wa chuo baba alipofariki. Na kuna mtoto. Binti yake ana miaka sita, wanalala kitanda kimoja, na asubuhi huamka macho yamevimba. Mwaka mzima tumesema ni mzio wa vumbi. Nilipoona majibu yale mikono iliniishia nguvu. Zebaki ya namna hii inashambulia figo, protini inatoka kwenye mkojo, uso na miguu vinavimba. Nani angesubiri asubuhi? Lengo la sheria ni watu wasidhurike, na mimi nilimzuia mtu asidhurike. Nikiacha kazi kimyakimya hakuna atakayeumia.

Mkaguzi Mstaafu:
Mwanangu, nimekagua miaka 30. Kumwambia aache kupaka ni utu. Kumwambia usiku wa kuamkia ukaguzi ni kuvujisha siri ya kazi, na ulikuwa na mgongano wa maslahi tangu ulipojua lile duka ni la nani. Hapo hapo ungejitoa kwenye jalada kwa maandishi, mwenzako akaendelea. Halafu hujasema jambo kubwa kuliko yote. Katoni zimekwenda wapi?

Mizani47:
Anasema amemrudishia aliyemuuzia.

Mkaguzi Mstaafu:
Basi zimo kwenye duka lingine.

Karani wa Kale:
Samahani wakuu, mimi naona hii ni chai. Sababu zangu. Moja, hana nchi, hana ofisi, hana jina la krimu. Mbili, mtaalamu mwandamizi anasema kikomo ni miligramu 1 kwa kilo, wakati mkutano wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliofanyika Geneva 2023, uliondoa kikomo hicho na kupiga marufuku vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki. Hata mimi nisiye mkemia najua. Tatu, eti mtoto asiyepaka amedhurika. Zebaki inaruka? Huyu ni mwandishi wa hadithi, mnampa malighafi.

Mwali wa Tandale:
Duh. Mimi nilishaanza kulia hapa.

Baba Tatu:
Na mimi nilikuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Mama, jibu hoja.

Mizani47:
Nitajibu, ingawa imeniuma.

Mkataba uliopitishwa 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017 ulikataza vipodozi vyenye zebaki zaidi ya miligramu 1 kwa kilo, mwisho ukiwa 2020. Mwaka 2023 maneno ya kikomo yakaondolewa ili mtengenezaji asijifiche nyuma yake, na mwisho mpya ukawa 2025. Uko sahihi. Lakini maabara haiwezi kuthibitisha sifuri. Lazima iwe na namba ya kufanyia kazi, na sisi tulio mezani bado tunasema "moja" kwa mazoea. Kwa krimu yenye maelfu, mjadala wa moja au sifuri haubadilishi kitu.

Kuhusu mtoto: ndiyo, inasafiri. Inashika taulo, mto, shavu la mama, mkono wa mtoto, kisha mdomo. Na ikikaa kwenye ngozi na nguo yenye joto hutoa mvuke. Mwaka 2010, California na Virginia, Marekani, walipimwa watu wa nyumba zenye krimu za namna hii, na hata wasiopaka walikutwa na zebaki kwenye mkojo. Mwaka 2019 mama mmoja wa Sacramento alipoteza fahamu kwa krimu iliyotiwa zebaki ya kundi la metili, ambayo huingia kwenye ubongo. Jina la krimu siliandiki kwa sababu jalada liko wazi. Nimeshavujisha mara moja, sirudii.

Karani wa Kale:
Majibu ni ya mtu anayeijua kazi. Naondoa hoja ya pili na ya tatu. Ya kwanza nabaki nayo.

Shangazi Mkali:
Mimi chai au maziwa hainihusu. Mtoto amepimwa?

Mizani47:
Bado. Wifi hapokei simu zangu. Anadhani nimemletea mkosi dukani.

Shangazi Mkali:
Miezi miwili! Wewe mwenye elimu yote hiyo, mtoto anavimba macho na unatuuliza habari za kiinua mgongo? Vaa viatu uende. Usimpigie, nenda. Mpitie mama mkwe akusindikize, hakuna wifi atakayemfungia mlango mama yake mzazi.

Mkaguzi Mstaafu:
Naunga mkono. Kisha rudi ofisini ukaandike maelezo yako mwenyewe kabla hujaulizwa, na umtaje aliyepokea katoni. Ukiacha kazi leo, wewe tu ndiye unayejua mzigo umeelekea wapi, nawe utakuwa chuoni unafundisha.

Mizani47:
Nikimtaja aliyemuuzia, wifi naye anashitakiwa. Sijui kama mume wangu atanisamehe. Mnasema kwa urahisi.

Mkaguzi Mstaafu:
Sisemi kwa urahisi. Nilishamkamata mdogo wangu na viuatilifu vya magendo. Tulikaa miaka minne bila kusalimiana.

Rehema wa Kisauni:
Hamjambo. Mimi ni msomaji tu, sijawahi kuandika. Natumia krimu miezi kumi sasa, ya kopo dogo, sikuitilia shaka kwa sababu naipata kwa fundi wangu wa nywele. Nimeligeuza kopo baada ya kusoma hapa. Viambato havijaandikwa, ila kuna onyo: isiguse dhahabu, fedha wala vito. Ninanyonyesha. Nifanye nini?

Mizani47:
Dada Rehema, asante kwa kuligeuza. Onyo hilo ni ishara mbaya, zebaki huharibu dhahabu na fedha, ndiyo maana wameliandika. Ukiona popote kalomeli, merkuri, au herufi Hg, ni hiyo hiyo.

Acha leo, usisubiri kopo liishe. Funga kifuniko kwa nguvu, lifunge kwenye mfuko wa plastiki, na huo ndani ya mwingine. Usilitupe jalalani, usilimwage chooni, usilichome. Nenda nalo hospitali likiwa limefungwa, useme wazi: "Nimepaka hii miezi kumi, nanyonyesha." Omba kipimo cha zebaki kwenye mkojo na kipimo cha figo, wewe na mtoto. Kuhusu kuendelea kunyonyesha, muulize daktari kesho hiyo hiyo, usiamue mwenyewe. Foronya na taulo ulizotumia ziweke kando, mtoto asilalie. Ukishaacha kupaka, mwili huitoa taratibu kupitia mkojo, kiasi cha nusu kwa takriban miezi miwili. Umewahi mapema. Una uvimbe wowote? Mkojo una povu?

Rehema wa Kisauni:
Povu lipo. Nilidhani ni uchovu wa uzazi.

Mizani47:
Basi usisubiri Jumatatu. Nenda kesho asubuhi, na mama au dada akusindikize. Ukirudi, andika hapa, nitakuwepo.

Karani wa Kale:
Mleta uzi, na barua?

Mizani47:
Ipo kwenye pochi bado. Nimempigia mama mkwe sasa hivi. Kasema saa moja asubuhi nimkute kituoni.