Tupeane uzoefu: tabia ya fremuweki iliyoandikwa kwenye nyaraka ila ikakupita

Wakuu, habari za jioni. Waandishi wa programu wa Mwanza na kwingineko, leteni kisa kimoja: tabia ya fremuweki (msimbo uliokwisha andaliwa wa kujengea programu) uliyoigundua ikiwa imeshakuumiza. Na useme ingeandikwaje kwenye nyaraka, yaani maelezo rasmi ya fremuweki, ndipo ungeiona.

Naanza. Nilimtengenezea mama mmoja wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, mfumo wa mauzo kwa Django, fremuweki ya lugha ya Python. Biashara yake inaanza usiku. Hesabu za siku zikawa hazipatani na daftari. Akaniita, akaweka kidole kwenye mstari: "Magunia haya nimeuza saa nane, usiku wa kuamkia Jumanne. Mashine yako inasema Jumatatu." Na kweli. Mradi mpya wa Django huja na mpangilio TIME_ZONE = 'UTC', yaani saa ya kimataifa, sisi tuko mbele yake kwa saa 3. Kila alichouza kati ya saa sita na saa tisa usiku kilihesabiwa jana yake. Nikaweka 'Africa/Dar_es_Salaam', hesabu zikakaa.

Kinachoniuma ni kwamba sentensi ipo kwenye nyaraka: muda hugeuzwa kuwa wa ukanda wa saa unaotumika kabla ya kuchuja rekodi. Niliisoma nikapita. Ingekuwa na mfano mmoja tu wa mauzo ya saa nane usiku, ningeshtuka.

Mdau wa Nyakato: Mimi Laravel, fremuweki ya PHP. Kwenye kompyuta yangu safi kabisa, nikapandisha kwenye seva, nikapiga config:cache, amri ya kukusanya mipangilio yote kwenye faili moja, ufunguo wa kutuma SMS ukawa null, yaani mtupu. Kumbe baada ya amri hiyo .env, faili la siri na mipangilio ya seva, haisomwi tena. env(), inayochukua thamani za faili hilo, iitwe ndani ya faili za config tu. Onyo lipo, lakini kwenye sehemu ya config:cache. Mimi nilikuwa nasoma sehemu ya env().

Mdau wa Sengerema: Django pia. Nilipandisha bei za sato zote kwa update() moja, inayobadili rekodi nyingi kwa mpigo, historia ya bei ikabaki tupu. update() haiiti save(), inayohifadhi rekodi moja, wala post_save, ishara ya kwamba rekodi imehifadhiwa, haitumwi; historia yangu ilitegemea hizo. Jambo hilo limeandikwa vizuri, hata mfano wa kupitia na kuhifadhi rekodi moja moja upo, ila liko mwishoni mwa maelezo ya update(). Onyo kama hilo likae juu, kabla mtu hajanakili mfano wa kwanza.

Mwanzisha mada: Mkuu, hapo umenena. Nyaraka za Django ziko folda ya docs, pamoja na msimbo wenyewe, na yeyote anaweza kupendekeza marekebisho. Mfano wangu wa saa nane usiku nimeshaanza kuuandika. Aliye na nafasi Jumamosi aseme, tuupitie pamoja kabla sijautuma.