Mjadala: Kampuni ya bima ikague leseni yako siku inachukua hela, sio siku ya ajali

Wadau habari zenu. Kampuni ya bima ya gari iruhusiwe kuingia moja kwa moja kwenye kumbukumbu za serikali ikaona leseni yako na makosa yako ya barabarani, au iishie kukuuliza kwenye fomu na kukuamini? Mimi nasema iruhusiwe, ila ikague kabla haijapokea hela, na kama imepokea bila kukagua basi isije kushtuka siku ya klemu.

Nianze na yaliyomkuta kaka yangu. Alikata bima kubwa kupitia kwa ajenti, na fomu ajenti ndo aliijaza mwenyewe kwa haraka haraka, pale panapoulizwa leseni inaisha lini akaandika namba ya leseni tu, tarehe akapaacha wazi, kaka akasaini, hela ikalipwa, stika ikatoka siku hiyo hiyo. Miezi saba mbele akapata ajali. Akaja mkaguzi wa kampuni, kijana mpole tu, akaomba leseni, akasimama pale pembeni ya bampa iliyong'oka akawa anaingiza namba kwenye simu yake, dakika haijaisha akageuka akasema "kaka, hii leseni iliisha hata kabla hujakata bima." Klemu ikafia pale pale. Kosa la kaka lipo na silitetei, leseni kuwa hai ni jukumu la dereva, lakini ile dakika moja ya kuingiza namba ilikuwepo hata siku wanapokea hela yake, mbona hakuna aliyeitumia?

Na sio kwamba haiwezekani. Uingereza tangu 2014 kampuni za bima zina mfumo unaoitwa MyLicence, wewe unatoa namba yako ya udereva unapoomba bei, mfumo unauliza DVLA, ambayo ndo mamlaka yao ya leseni, na majibu yanarudi pale pale: leseni ni ya aina gani, unayo tangu lini, una pointi ngapi za makosa. Mwaka uliofuata, 2015, wakafuta kabisa ile karatasi iliyokuwa inaambatana na kadi ya leseni kuonyesha pointi, maana rekodi yenyewe iko kwenye kompyuta na dereva mwenyewe anaweza kuifungua akaisoma.

Sasa wanaotetea faragha wana hoja na tusiwapuuze. Ufaransa wameenda upande wa pili kabisa, sheria yao ya barabarani inakataza wazi kampuni ya bima kujua umebakiwa na pointi ngapi kwenye leseni, mwajiri naye hivyo hivyo. Wanatumia historia ya madai: unaanza na 1, namba ambayo bei yako inazidishwa nayo, kila mwaka usiosababisha ajali bei inashuka kwa asilimia 5 mpaka ifike 0.50, ukisababisha ajali inapanda kwa asilimia 25, mwisho wake ni 3.50. Ukihama kampuni unaomba ya zamani ikupe karatasi ya historia yako, na ina siku 15 kukupa. Yani wanakupima kwa hasara uliyosababisha, pointi ulizokatwa kwa spidi hawazioni. Nakiri mfumo huu unanivutia, ila bado hauondoi swali la msingi la kama leseni iko hai, na hilo halina siri yoyote, ni ndiyo au hapana.

Marekani wako katikati. Sheria ya 1994 inazuia ofisi za leseni za majimbo kugawa ovyo taarifa za madereva, lakini bima wameachiwa mlango kwa ajili ya kupanga bei, kuchunguza madai na kupambana na utapeli. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kampuni ikikupandishia bei kwa sababu ya ripoti iliyonunua kukuhusu lazima ikuambie, na una haki ya kupata nakala bure na kupinga kilichokosewa. Hapa ndo naona uzito ulipo jamani, kwa sababu rekodi zinakosewa, faini umelipa lakini inasomeka hujalipa, au una jina linalofanana na la mtu mwingine na kosa lake limekaa kwako, na ukikataliwa bila kuambiwa sababu utajitetea na nini?

NYONGEZA: Nimesoma majibu, nijibu mawili matatu.

Aliyesema "watu ni waongo, bima ikiwaamini itafilisika", kweli waongo wapo, gari la kijana linaandikishwa kwa jina la baba ili bei ishuke, na kukagua leseni ya baba hakutakwambia nani anashika usukani kila siku. Ila tutofautishe mwongo na aliyeteleza. Sheria ya Uingereza ya 2012 inafanya hivyo: ukidanganya makusudi kampuni inaweza kukataa yote, ukikosea kwa uzembe na ingekuwekea bima kwa bei kubwa zaidi, inakulipa kwa uwiano, kama ulilipa nusu ya bei uliyostahili unapata nusu ya madai. Mnaona ubaya gani na hilo?

Aliyeuliza "wakishaingia kwenye rekodi watakomea wapi", nakubaliana na wewe asilimia mia. Januari 2025 tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani ilitangaza hatua dhidi ya General Motors, kampuni inayotengeneza magari, kwa kukusanya taarifa za uendeshaji kutoka kwenye magari ya wateja, breki za ghafla, spidi, safari za usiku, na kuziuza bila kuwaeleza wenyewe vya kutosha, zikaishia kwenye ripoti zinazosomwa na bima. Ndo maana mimi nasema orodha ya kinachokaguliwa iwe fupi na iandikwe kwenye fomu: leseni iko hai, daraja lake, makosa makubwa ya miaka michache iliyopita, basi. Na nakala ya walichokiona nipewe pamoja na stika.

Kaka gari alilitengeneza kwa hela yake, na leseni akaenda kuihuisha wiki ile ile. Nawauliza mliofanya kazi ya ajenti au mliowahi kukataliwa klemu: siku ya kukata bima kuna mtu yeyote aliwahi kuingiza namba ya leseni mahali akaihakiki mbele yenu?