UZI: Kutembea kwa miguu vijijini Ufaransa (misitu, mabonde, kando ya mito) – tupeane uzoefu

#1 Binti_Pangani

Habari zenu wapendwa. Mimi huu mwaka wa tisa niko huku, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, na miaka sita ya mwanzo Ufaransa niliyoijua mimi ilikuwa treni, lifti na kodi ya nyumba, basi. Aliyenifungua macho ni bibi mmoja niliyekuwa namuogesha asubuhi, alikuwa akishakaa dirishani ananisimulia vijia alivyopita na marehemu mumewe, siku moja akanambia we binti una miguu mizima, Jumapili unalala ya nini?

Nikaenda. Nilipanda RER B, treni ya kutoka Paris, mpaka kituo cha mwisho, Saint-Rémy-lès-Chevreuse, Navigo yangu ileile, kadi ya usafiri ya mwezi ya kwendea kazini, ikanifikisha. Kutoka pale unatembea mdogomdogo mpaka mji wa Chevreuse, kuna kijito kinaitwa Yvette na mfereji wake, wamepaita njia ya vidaraja maana kila nyumba ina kadaraja kake ka kuvukia, juu mlimani kuna ngome ya zamani ya Madeleine. Sijui niseme nini jamani, nilisimama kwenye kadaraja kamoja nikasikia maji tu. Maji na ndege. Nikajua nimekosa kitu miaka sita yote.

Sasa kwa ambaye hajawahi, jambo la kwanza ni alama za rangi. Wanazipaka kwenye shina la mti, nguzo, ukuta, hata jiwe. Mstari mmoja wa njano ni njia fupi, wanaziita PR, nyingi zinazunguka na kukurudisha ulikoanzia. Mweupe juu mwekundu chini ni GR, zile ndefu za kuvuka nchi, na njano juu ya nyekundu ni za kuzunguka eneo zima kwa siku kadhaa. Ukikuta mkasi, yaani X, hiyo sio njia yako, geuka. Kanuni yangu mwenyewe: nikitembea dakika kumi sijaona alama narudi mpaka nilipoiona ya mwisho, sibahatishi.

Jambo la pili ni hofu, na hii nailenga kwetu sisi. Mimi nilichelewa kuanza kwa sababu nilijiuliza, mtu mweusi peke yangu napita katikati ya mashamba ya watu, nikiulizwa natafuta nini ntajibu nini? Ndugu zangu, njia zile ni za kupita watu. Tangu 1983 kuna sheria inayozipa département, yaani mikoa ya huku, kazi ya kuorodhesha njia za matembezi na kuzilinda, na nyingi ni njia za kijiji za tangu zamani. Ukiwa kwenye alama umekaa pako. Wee salimia tu. Bonjour kwa kila unayekutana naye, mpaka aliye juu ya trekta, kama kwetu tu, mtu anayepita kimya ndo anayetiliwa mashaka.

Haya karibuni, mlienda wapi na nini kiliwakuta.

#2 MamaWawili_Kisauni

Ahsante kwa uzi dadangu. Mie niko upande wa kusini, na nina wawili, wa miaka sita na wa tisa, kwa hivyo mie natafuta njia isiyo na milima na yenye kitu cha kuwashughulisha. Nitawaambia moja ambayo mpaka leo waniuliza tutarudi lini: bonde la mto Lot, kutoka kijiji cha Bouziès kwenda kijiji cha Saint-Cirq-Lapopie.

Tuliacha gari Bouziès asubuhi mapema maana ilikuwa Julai na jua la huko likipanda halina mchezo. Njia yafuata mto, halafu yafika mahali jabali limeinama mpaka majini, hapo hapana nafasi hata ya mbuzi, basi watu wa karne ya 19 walichonga jabali lenyewe wakatoa njia, kichwani una mwamba na ubavuni una mto. Ilikuwa njia ya kuvutia mashua, ziburutwe kwa kamba dhidi ya mkondo. Na humo ukutani msanii mmoja, Daniel Monnier, amechonga makombe na samaki na mimea ya maji kwenye jiwe lilelile, refu, waenda waenda bado yaendelea. Mdogo wangu alitembeza kiganja juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho, hakukosa hata kombe moja, akanambia mama hili ni kama la pwani kwa nyanya. Nililia kidogo nikiri.

Mwisho ndio pana kupanda, Saint-Cirq yenyewe iko juu ya genge, kama mita 100 kutoka mtoni, tulipanda polepole na maji na zabibu kavu. Na mto ukifura msiende, njia yenyewe hufungwa maana maji huifunika.

#3 Mushi_wa_Bukavu

Jambo bandugu. Mimi nilitembea siku tatu kwenye GR 65, kutoka Le Puy-en-Velay, ile ya mahujaji wanaoenda Santiago kule Hispania. Asubuhi saa moja kuna misa kwenye kathedrali, wanabariki wanaoondoka, halafu unashuka ngazi na begi yako mugongoni, unaanza. Sio ngumu sana lakini hatua ya kwanza mpaka Saint-Privat-d'Allier ni karibu kilomita 24, kwa hiyo kama wewe ni mugeni wa kutembea ikate mara mbili, kuna gîte njiani, nyumba za kulala wasafiri.

Mimi nataka kusema juu ya maji. Siku ya pili ilikuwa Agosti, nilikuwa na chupa moja tu ya lita moja, saa sita maji imekwisha. Kijiji ya kwanza, milango yote imefungwa, duka hakuna. Ya pili vilevile. Kichwa inaanza kuuma. Nikakuta bwana mumoja wa makamo anatembea na bibi yake, nikawauliza maji iko wapi, akanionyesha kaburini. Nikafikiri hajanisikia muzuri. Akasema ndiyo, makaburini, pale kuna robine, bomba ya maji ya kumwagilia maua, sisi wote tunajaza pale.

Kwetu mutu haendi kuchota maji kwa wafu. Nilisimama kwenye mulango ya chuma wakati murefu kabisa. Mwishoni niliingia, nikasema pardon kwa sauti, kwa lugha yetu pia nikasema, nikajaza chupa, nikakunywa nimeinamisha kichwa. Ile maji ilikuwa baridi sana. Kisha nikaona arosoa, ndoo ya kumwagilia, imelala chini, nikaijaza, nikamwagilia maua ya kaburi moja iliyokuwa imekauka, nikaona ni haki. Tangu ile siku ninafanya hivyo kila mara. Lakini angalieni, kama wameandika «eau non potable», maji isiyofaa kunywa, musikunywe. Na mubebe lita mbili.

#4 Kaka_Morogoro

Naongezea fupi. Kuanzia Septemba mpaka mwisho wa Februari ndo msimu mkuu wa kuwinda. Mimi nilikuwa Morvan, eneo la milima na misitu kule Burgundy, Novemba, msitu umejaa majani mekundu mazuri balaa, nikasikia mlio wa bunduki, wa pili ukawa karibu zaidi. Mbele nikakuta kibao «chasse en cours», yaani uwindaji unaendelea, na jamaa kavaa koti la rangi ya chungwa, akanambia kwa upole leo tunasaka nguruwe pori upande huu, rudi, chukua njia ya kule bondeni. Nilirudi bila kubishana. Sasa natembea na kizibao cha kung'aa, kile cha kwenye gari.

Kingine kupe. Nyasi zikiwa ndefu soksi juu ya suruali, ukifika nyumbani jikague nyuma ya magoti na kwapani, famasi wanauza kidude cha kumng'oa mzimamzima. Ukiona duara jekundu linatanuka kwenye ngozi nenda kwa daktari siku hiyohiyo, usiseme litaisha, ni ugonjwa wa Lyme na ukiwahi unatibika.

Na mkate nunua kabla ya saa sita na nusu, maduka ya vijijini yanafunga mchana, Jumatatu ndo usitegemee kabisa.

#5 Shangazi58

Wanangu nimesoma yote. Mimi miaka 58, goti la kushoto linanisumbua, natamani lakini naogopa kuwa mzigo kwa watu. Kuna njia ya mtu kama mimi?

#6 Binti_Pangani

Shangazi shikamoo. Ipo, tena nyingi. Kwenye vitabu vyao vya njia wanapanga kwa rangi, ya kijani ni rahisi kabisa, chini ya saa mbili, bluu chini ya saa tatu, nyekundu na nyeusi tuachie vijana. Na muda wanahesabu kwa mwendo wa kilomita nne kwa saa, wewe zidisha nusu tena, hakuna anayekufukuza. Chukua fimbo, goti linauma zaidi kwenye kushuka kuliko kupanda. Anza na ileile ya Chevreuse, tambarare, na treni iko karibu ukichoka.

#7 Shangazi58

Marahaba mwanangu. Nimerudi kuwaambia nilienda Jumamosi.

Nilitembea saa mbili na nusu na vituo vingi. Pale kwenye mfereji kuna vibanda vya zamani vimeinamia maji, nikadhani vya boti. Mama mmoja mzee alikuwa anatembeza mbwa, nikampa bonjour, nikamuuliza. Akasema ni vya kufulia, wanawake walikuwa wakipiga magoti hapo kwenye ubao, na akanionesha kwa mikono, anasugua, anakamua, anapiga. Nikamwambia sisi pia. Nikamuonesha na mimi tulivyokuwa tunapiga kanga kwenye jiwe mtoni, tukawa wawili pale kando ya maji tunafua nguo ambazo hazipo.

Goti halijauma. Jumamosi ijayo naenda na mdogo wangu.