Tupeane uzoefu: kufundisha hesabu nyumbani watoto wenye umri tofauti

MamaWaNne
Wakuu, huu uzi ni wa wanaosomesha watoto nyumbani. Tuseme watoto ni watatu, wa miaka 6, 9 na 12, meza moja, mwalimu mmoja. Hadithi za familia tupunguze. Tuwekeane vipimo: dakika ngapi, vifaa gani, makosa gani hujirudia na dawa yake ni ipi. Naanza na ratiba, maana ndipo wengi huanguka.

Masomo matatu tofauti kila siku ni mzigo usiobebeka. Panga dakika 65 hivi. Dakika 10 za kwanza wote pamoja juu ya namba moja. Chukua 24: wa miaka 6 anaipanga kwa visoda (vifuniko vya chupa za soda), makumi mawili na mamoja manne. Wa miaka 9 anatafuta jozi zote zinazozaa 24, nazo ni 1×24, 2×12, 3×8 na 4×6. Wa miaka 12 anaivunja mpaka zibaki namba tasa tupu: 2×2×2×3.

Halafu dakika 15 za mdogo peke yake, 20 za wa kati, 20 za mkubwa. Kosa kubwa ni kuanza na mkubwa kwa sababu kazi yake ni ngumu. Mdogo hawezi kusoma maelekezo wala kusubiri, kwa hiyo atakukatiza kila dakika mbili na mkubwa hatapata kitu. Mdogo akishashiba, mwachie visoda na trei ya mayai acheze.

Jambo la pili: anayesubiri zamu asipewe kitu kipya. Apewe marudio ya jana, kitu anachokiweza bila kuuliza. Ukimpa kipya ataita "mama, mama", na ratiba nzima imekufa.

VisodaNaKokoto
Dada umeanza vizuri. Niongeze vifaa vya mdogo, kwa sababu watu hukimbilia kununua vya plastiki bila sababu.

Trei ya mayai 30 ina safu 6 za mashimo 5. Ikate kila baada ya safu mbili, unapata vipande vitatu vya mashimo 10. Trei nne zinakupa vipande 12, vinatosha kufika 120. Kusanya visoda 120, vioshe, vile vyenye makali vigonge kidogo kwa nyundo.

Kwa nini vipande vya kumi na si kuhesabu visoda mezani? Kwa sababu mtoto akiona mashimo mawili matupu anajua ni 8 bila kuhesabu moja moja. Mpe 8+5: visoda 8 kwenye kipande cha kwanza, 5 pembeni. Anahamisha viwili kujaza kumi, vinabaki vitatu. Kumi na tatu. Akizoea kwa wiki mbili tatu, vidole vinaachwa vyenyewe.

Makosa: kumruhusu kutupia visoda ovyo kwenye mashimo. Lazima ajaze safu ya juu kwanza, kushoto kwenda kulia, ndipo ya chini. Asipofuata mpangilio mmoja hatazoea sura ya namba, na utakuwa umemfundisha kuhesabu tu.

Pwani_Kete64
Kuna jambo la lugha ambalo vitabu vya kigeni haviwezi kukuambia. Kiswahili kinamsaidia mtoto kuanzia 11 hadi 19, maana "kumi na moja" tayari ni thamani ya nafasi, inataja kumi kisha mamoja. Kinamwangusha kwenye 20. Ishirini, thelathini, arobaini, hamsini na themanini hazifanani hata kidogo na mbili, tatu, nne, tano na nane. Sitini, sabini na tisini zinafanana na sita, saba na tisa, hizo hazisumbui.

Kwa hiyo maneno ya kukariri ni matano tu. Kabla ya kuyakariri, hesabuni kwa "makumi mawili na tatu", "makumi manne na sita" kwa muda wa wiki moja hivi, halafu mweleze kwamba makumi mawili huitwa ishirini. Mtoto aliyerukishwa hatua hii huandika "ishirini na tatu" kama 203, yaani 20 kisha 3. Mia tatu na tano nayo utaiona 3005. Si uvivu huo, anaandika anachosikia.

Dawa ni kadi za kulaliana. Kata kadi za mamoja sm 3 kwa upana, za makumi sm 6, za mamia sm 9, zote kimo kimoja. Andika 1 hadi 9, 10 hadi 90, 100 hadi 900, jumla kadi 27. Kila tarakimu ikae kwenye sm 3 zake. Kadi ya 300 ikiwa chini, weka ya 5 juu yake ukilinganisha kingo za kulia: inasomeka 305. Ukiinua ya 5, sifuri ileile bado ipo pale.

Kwa mkubwa mtego ni huu: "elfu mia mbili na moja" ni 201,000 au 200,001? Mpe aandike zote mbili na aeleze kila moja imesikikaje. Zoezi la dakika tatu, lakini linamfanya aheshimu koma.

BabaPacha
Na saa je? Mtoto wa miaka 8 anaona mshale mfupi kwenye 7 na nyumba nzima inasema saa moja.

Pwani_Kete64
Baba, mfundishe namba inayotazamana. 7 inatazamana na 1, 8 na 2, 9 na 3. Mshale mfupi ukielekeza mahali, tunasoma upande wa pili wa duara. Mshale mrefu hausogezwi, dakika ni zilezile. Kosa la kawaida ni mtoto kugeuza mishale yote miwili, akaona 7:15 akasema "saa moja na dakika arobaini na tano". Kwa hiyo wiki ya kwanza ondoa mshale mrefu kabisa, tumia saa ya boksi yenye mshale mfupi tu.

Mkubwa naye mpe ya simu: 20:00 ni saa ngapi? Saa mbili usiku. Aandike kanuni mwenyewe, toa 6, ukizidi 12 toa 12 tena, na ukipata sifuri au chini yake ongeza 12. Hiyo ndiyo hesabu ya mzunguko, na ukitaka kuiendeleza kuna bao. Mchezaji ana mashimo 16 upande wake, safu mbili za 8. Akichota kete 5 shimo la 14, ya mwisho itaangukia la ngapi? 14+5 ni 19, toa 16, shimo la 3. Mdogo anasambaza kete akihesabu, mkubwa anatabiri kabla hazijafika. Bao la kujifunza huanza na kete 2 kila shimo, 64 zote, na hilo peke yake ni swali la wa kati. (Anayekosa basi la saa kumi na mbili alfajiri kwa sababu tiketi imeandika 6:00 hakufundishwa hili.)

Mshonaji_Namba
Mimi nije na sehemu. Chapati kila mtu anaitaja, na chapati ni kifaa kibaya. Nusu na robo sawa, lakini nani anakata duara vipande vitatu sawa kwa jicho? Mtoto anaishia kuamini theluthi ni "vipande vitatu vyovyote".

Tumia vipande vya karatasi vya sm 24. Karatasi moja ya A4 ina upana wa sm 21, ukikata vipande vya sm 3 unapata saba. Kila kimoja kipunguze kibaki urefu wa sm 24. Saba ndiyo hasa unayohitaji:

kimoja kizima; nusu, alama kila sm 12; theluthi, kila sm 8; robo, kila sm 6; sudusi (1/6), kila sm 4; thumni (1/8), kila sm 3; na sehemu ya kumi na mbili, kila sm 2.

Pima kwa rula, kata kwenye alama, usikunje. Kukunja mara tatu huleta tofauti ya milimita kadhaa, na tofauti hiyo ikijirudia kwenye sudusi mtoto anaona theluthi moja hailingani na sudusi mbili. Imani inaisha hapo.

Sasa mtu aliyeandika 1/2 + 1/3 = 2/5, usimwambie "tafuta asili ya shirika" (namba moja ya chini kwa sehemu zote mbili). Mwambie aweke sm 12 na sm 8 mwisho kwa mwanzo. Ni sm 20. Akipanga vipande vya sudusi chini yake vinakaa vitano kamili: 5/6. Halafu muulize 2/5 ya sm 24 ni ngapi. Ni 9.6, fupi kuliko ile nusu aliyoanza nayo! Akishaona amejumlisha akapata pungufu, kanuni unaweza kumpa na ataitunza.

Vipande hivyohivyo vinawahudumia wote watatu. Mdogo anapanga kutoka kirefu hadi kifupi na kutafuta vingapi vinajaza kizima. Wa kati analinganisha 2/3 na 3/4, yaani sm 16 na 18. Mkubwa unamwambia sm 24 ni asilimia 100, je sm 9 ni ngapi? 37.5. Au kinyume chake: sm 6 ni asilimia 40 ya kipande gani? 15. Hapo umeingia kwenye milinganyo bila kutangaza.

MamaWaNne
Hii ya saba kutoka A4 moja ni tamu. Mwenye jedwali la kuzidisha?

Kibarua_wa_Jedwali
Nipo. Usimkabidhi mtoto jedwali lote la 100 likamtisha. Kutoka 1×1 hadi 10×10, ukijua 3×7 ni sawa na 7×3, zinabaki 55. Toa za 1, 2, 5 na 10, ambazo nyingi huja kwa kuhesabu kwa kuruka: zinabaki 21. Za 9 zinatoka kwenye za 10, maana 9×7 ni 70 toa 7. Zinabaki 15 tu: 3×3, 3×4, 3×6, 3×7, 3×8, 4×4, 4×6, 4×7, 4×8, 6×6, 6×7, 6×8, 7×7, 7×8, 8×8.

Mbili kwa wiki, kila moja kwenye kadi yake, wiki nane umemaliza. Kadi mpya irudi kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Akikosa, inarudi mwanzo. Tatu kwa wiki ni nyingi, hasa 6×8 na 7×8 zikikutana, huchanganya 48 na 56 mwezi mzima. Zitenganishe kwa wiki tatu.

Mimi huwapima kwa saa, dakika tano maswali 40.

VisodaNaKokoto
Mkuu hapo kwenye saa tutagombana. Ukiwaweka ndugu wawili na saa moja, mdogo akimshinda mkubwa umepoteza mkubwa, na mkubwa akishinda daima mdogo anaanza kubahatisha. Kama lazima upime, kila mtoto apimwe na jana yake mwenyewe, kwa siri, kwenye daftari lake. Na mtoto ambaye bado anahesabu kwa vidole asipimwe kabisa. Saa itamfanya ahesabu vidole haraka zaidi, basi.

Kibarua_wa_Jedwali
La vidole nakubali. La ndugu pia, wapimwe siku tofauti. Lakini jedwali lisiloharakishwa linamgharimu mbele kwenye kugawanya kwa njia ndefu. Akitafuta 7×8 kwa nusu dakika, anasahau alikuwa hatua gani.

BabaPacha
Wa miaka 9 anaandika 52−38=26. Nimeeleza kukopa mara kumi.

Mshonaji_Namba
Kwa sababu anatoa ndogo kwenye kubwa popote zilipo: 8 toa 2 ni 6, 5 toa 3 ni 2. Kwake neno "kopa" halina maana. Chukua vijiti vya mishikaki, kata ncha kali, funga kumi kumi kwa mpira wa kufungia pesa. Apange mafungu 5 na vijiti 2. Mwambie akupe 38. Mafungu matatu atatoa, vijiti nane hana. Mkono wake wenyewe utafungua fungu, na hapo ana mafungu 4 na vijiti 12. Maandishi yafuate mkono: kila akifungua fungu, papo hapo akate 5 aandike 4. Siku nne tano za vijiti na kalamu pamoja, kisha vijiti viwe vya kuhakiki jibu tu.

Kama hilo analo mkubwa wako wa miaka 12 pia, na huwa wanalo, mrudishe bila kutaja darasa. Daftari zisiandikwe la tatu wala la sita. Ziite kwa rangi.

Desimali zina ugonjwa wa jamaa huyohuyo: 0.35 kubwa kuliko 0.4 "kwa sababu 35 ni kubwa kuliko 4". Tepu ya fundi cherehani inamaliza: aoneshe 0.35 ya mita na 0.4 ya mita. Sm 35 na sm 40.

MamaWaNne
Je, mkubwa amfundishe mdogo? Wengi tunamtegemea.

VisodaNaKokoto
Kwa masharti mawili. Haruhusiwi kushika kalamu ya mdogo, na anaruhusiwa kuuliza tu, si kusema jibu. "Umejuaje?" "Ukiondoa kimoja je?" Dakika kumi, mara mbili kwa wiki, mwisho. Zaidi ya hapo umemfanya mwalimu msaidizi asiye na mshahara, na hesabu zake zinalala.

BabaPacha
Swali la mwisho. Kuna wa miaka 14 anayeelekea IGCSE ya Cambridge, mtihani wa kimataifa wa sekondari, ile hesabu yenye namba 0580. Kikokotoo aanze lini?

Kibarua_wa_Jedwali
Tangu mitihani ya 2025 kila mtahiniwa ana karatasi mbili, moja bila kikokotoo na moja nacho, uzito sawa nusu kwa nusu. Kwa hiyo mazoezi nayo yagawe nusu kwa nusu. Siku za bila kikokotoo weka sehemu, vipeo na kukadiria. Siku za kikokotoo weka trigonometria na takwimu, na aandike makisio pembeni kabla ya kubonyeza. Akibonyeza akapata 4,800 na makisio yalisema 480, atafute kosa lilipo kabla hajaendelea na swali la pili.

Na hakikisha kikokotoo chake kipo kwenye digrii. Ni herufi ndogo juu ya kioo, D. Ikiwa R (redian, kipimo kingine cha pembe), sin 30 haitakuwa 0.5.

BabaPacha
Nimeangalia. Ilikuwa R.