Maji mengi, kichwa chagonga

Mbeba mawe, Mkomani: Jamani, napakia mawe kwa punda juani. Kufika adhuhuri dumu la lita 5 nishalimaliza. Mkojo mweupe pe, lakini kichwa chagonga na moyo wachafuka. Niongeze maji?

Bi Shee: Hata funda usiongeze, mwanangu! Figo hutoa kama lita moja tu kwa saa. Yakizidi, chumvi ya damu huzimuka, ubongo ukavimba. Ukianza kutapika au kubabaika, hospitali, usingoje.

Nahodha: Kweli. Marathoni ya Boston, Marekani, 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu, asilimia 13 sodiamu, ndiyo hiyo chumvi ya damu, ilikuwa chini.

Mbeba mawe: Basi madafu?

Bi Shee: Matamu, ila sodiamu yake haba. Kunywa kiu ikikushika. Na huyo punda umemnywesha?