Tovuti ya karakana yetu ya samani Keko haionekani Google, na wateja wa mikoani wanaogopa kutuma kianzio

FundiMninga:
Wakuu, salaam. Mimi na mdogo wangu tuna karakana ya samani hapa Keko, Dar. Vitanda, makabati, meza za chakula, milango. Kazi zetu nyingi ni za mninga na mkongo. Tovuti tunayo, ya .co.tz, aliyetutengenezea hapokei simu tena. Ukiandika Google "samani Keko" wanatokea wengine, sisi hatuonekani mpaka uandike jina letu lote. Lakini linaloniuma zaidi ni hili: mteja wa Dodoma au Mbeya anapenda kitanda, anapiga, bei tunaelewana, tukifika kwenye kianzio anauliza "kweli mpo?", kisha kimya. Mmoja alinitumia picha ya skrini, juu kabisa pameandikwa "Si salama".

Sasa kuna mtu kanifuata anasema atatuuzia linki mia tano za kutoka tovuti nyingine na maoni hamsini ya nyota tano, na tutakaa ukurasa wa kwanza ndani ya wiki mbili. Nimlipe? Natanguliza shukrani.

MkaziTemeke:
Usimlipe mkuu. Maoni ya kununua Google wanayakataza waziwazi. Wakiyabaini wanayafuta, wanaweza kukuzuia kupokea maoni mapya kwa muda, na hata kuweka onyo kwenye wasifu wa biashara yako Google kwamba maoni ya uongo yameondolewa hapo. Mteja ambaye tayari ana wasiwasi akilikuta onyo hilo harudi. Linki za kununua nazo ni hivyo hivyo, zimo kwenye mambo wanayoyahesabu kuwa ni hila.

DadaSeva:
Kaka, nimeingia kwenye tovuti yako kwa ile linki uliyonitumia inbox, nikaikagua kwa simu kama mteja wako anavyoikagua. Kwangu hizo shida zako mbili ni moja. Hakuna mahali tovuti inapomthibitishia mtu kwamba Keko kuna karakana yenye jina hilo, na Google naye hana ushahidi mwingine zaidi ya huo alionao mteja.

Picha ya kwanza ni sebule ya Ulaya yenye sehemu ya kuotea moto. Ukurasa wa "Kuhusu sisi" bado una yale maneno ya Kilatini ya kujazia nafasi. Namba ya simu iliyo chini ya tovuti siyo iliyopo Facebook, na kwenye Ramani za Google kuna ya tatu. Anwani ni "Dar es Salaam, Tanzania" basi. Maandishi yote ni Kiingereza, na kila ukurasa una kichwa kimoja tu, "Home".

Hilo la "Si salama" limalize leo. Tangu Julai 2018 Chrome inaweka neno hilo kwenye kila tovuti isiyo na HTTPS, yaani ulinzi wa mawasiliano kati ya mteja na tovuti. Cheti cha kuiwezesha, cha Let's Encrypt, ni bure, waambie wanaokuhifadhia tovuti wakiwashe na wakiweke kijihuishe chenyewe, maana muda wake ni mfupi, hauzidi siku 90. Halafu wahakikishe anayeingia kwa anwani ya zamani ya http anapelekwa kwenye https moja kwa moja. Wakikutajia bei kubwa kwa kazi hiyo, tafuta wengine.

Kisha nenda kwenye ramani, maana anayeandika "samani Keko" anaonyeshwa ramani kwanza. Wasifu wa biashara wa Google ni bure. Kuthibitisha mara nyingi siku hizi wanataka video: uonyeshe barabara, kibao chenu, ndani ya karakana, randa na meza ya kazi. Jina andika lile lile lililo kwenye kibao, usilirefushe kwa "samani bora bei nafuu Dar", hilo nalo ni kosa kwao. Mtaa na namba ya nyumba tumia zile za anwani za makazi. Kama karakana iko uchochoroni, ongeza na msimbo wa eneo ambao Ramani za Google zinakupa ukibonyeza sehemu yenyewe. Halafu jina, anwani na namba ya simu viwe sawasawa kila mahali, hadi kwenye risiti. Google wenyewe wanasema matokeo ya karibu yanategemea mambo matatu: biashara inafanana kiasi gani na kilichotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inajulikana kiasi gani. Umbali huwezi kuubadilisha, kwa hiyo mtu wa Mbezi akiandika "samani" tu akaonyeshwa wa Mbezi, usihangaike naye.

Sasa picha, na hapa naomba unisikilize sana. Mteja wa Dodoma hofu yake haiishii kwenye kuibiwa kianzio. Anaogopa kupakiwa kitanda cha paina kilichopakwa rangi ya mninga. Picha ya kitanda kilichokwisha kung'aa vanishi haimsaidii kitu. Piga picha mbao kabla ya vanishi, nyuzi zake zionekane. Piga picha mgongo wa kabati, pale mafundi wengi wanapobandika ubao mwepesi. Toa droo, ipindue, onyesha kona ilivyoshikana. Picha za namna hiyo hakuna mwenzako atakayeziiba, kwa sababu fundi mwenyewe yumo na karakana yenyewe inaonekana nyuma. Ila zipunguze ukubwa kabla ya kuzipakia. Ile ya sebule ina megabaiti tano, inamla mteja bando na inachelewa kufunguka. Chini ya kilobaiti mia mbili inatosha. Pima kwa PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi ya tovuti: picha kuu itokee ndani ya sekunde 2.5.

Kila bidhaa ipe ukurasa wake, kwa Kiswahili, na kichwa kiwe maneno wanayoyaandika watu: "Kitanda cha mninga 5 kwa 6". Chini yake jibu yale wanayokuuliza kwenye simu: bei, kianzio, siku za kutengeneza, nani analipa usafiri, na mbao ikipasuka mnafanyaje. Baadaye jiunge na Google Search Console, ni bure, utaona watu wameandika nini mpaka wakafika kwako.

NipoDom:
Mimi ni mnunuzi, niliagiza kabati la nguo Dar nikiwa Dodoma. Kilichonifanya nitume pesa ni Lipa Namba. Nilipoiingiza, kabla ya namba ya siri likatokea jina la karakana, lile lile la kwenye tovuti na kwenye ankara. Fundi wa kwanza aliniambia nitume kwa namba ya mtu binafsi, jina la mwanamke ambaye hakuwahi kunitajia. Nilikata simu.

FundiMninga:
Asanteni sana. Sisi Lipa Namba ipo lakini kwenye tovuti tumeweka namba ya mdogo wangu, nitaitoa. Dada, swali: bei naogopa kuziweka, mbao zinapanda kila mara. Na maoni nitayapataje, wateja wangu wengi ni watu wazima, hawaandiki mitandaoni.

DadaSeva:
Bei andika "kuanzia" na mwezi ulipoiweka, halafu ibadilishe mbao zikipanda. Mteja anaelewa kupanda kwa mbao. Asiyeona bei kabisa anahisi utamtajia kulingana na sauti yake.

Maoni omba siku ya kupeleka mzigo, mteja akishaupokea. Wasifu wako unakupa linki fupi ya kuomba maoni, itume WhatsApp pale pale, na kama ni mzee, mwanawe aliyepo atamsaidia. Mwombe ataje alichonunua na mji alipo. Usimwahidi punguzo ili aandike, hilo linakatazwa sawa na kununua. Akilalamika mtu, mjibu kwa jina la karakana, useme mtafanya nini na lini, kisha mkishafanya rudi uandike chini yake.

Anza na https na namba ya simu moja. Ukimaliza hivyo weka linki mpya hapa nikague tena.